Kilimo mseto ni nini, na kwa nini mkulima anaangalia kivuli kwanza

Hili neno kilimo mseto lina matumizi mawili na ndo maana watu wanabishana bure. Kuna anayesema mseto akimaanisha mahindi na maharage kwenye shamba moja, basi. Mimi naongelea ule wa miti, wengine wanauita kilimo misitu, yaani eneo hilohilo lina miti, lina mazao na lina mifugo, afu kila kimoja kinamlisha mwenzake. ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo misitu pale Nairobi, wanautafiti tangu 1978, ila Wachaga walikuwa wanaishi ndani yake zamani sana kabla halijapatikana jina.

Ingia kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, kule juu Marangu au Old Moshi, Kilimanjaro. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe hatoki bandani, anakatiwa majani na mgomba ulioshatoa ndizi unakatwakatwa anapewa, samadi inarudi kwenye kahawa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliingiza kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Sawa, heshima, lakini mwenye kihamba yeye anawaza bei ya kahawa, ikishuka anang'oa, anakata na mti wa juu jua liingie apande nyanya.

Hapo ndo tunafika kwenye kile wanachoita mtazamo wa wakulima. Maafisa ugani wengi wanafikiri mkulima asipopanda mti hajaelimika, akipewa semina na miche atabadilika. Si kweli bana. Anajua faida za mti kuliko hata huyo afisa, kuni anakata yeye. Anachouliza ni mti gani, kivuli chake kitaangukia wapi, na ukikomaa ni wa nani?

Chukua mgrevilea. Umetoka Australia, ukaletwa kama kivuli cha chai na kahawa enzi za mkoloni, leo Embu na Meru kule Kenya umejaa mipakani mwa mashamba na hakuna aliyewalazimisha watu. Kwa nini? Kwa sababu unaukwanyua matawi yote unabaki kama mlingoti, kuni umepata, mahindi yanapata jua, na ada ya shule ikibana unauza mbao. Mkaratusi nao watu wanaulaumu kwamba unakunywa maji na bado wanaupanda, maana nguzo zinauzika. Halafu kuna mkababu, huo una maajabu yake, unapukutisha majani wakati wa mvua, kwa hiyo mahindi chini yake hayanyimwi mwanga, na kiangazi mbuzi wanaokota maganda yake.

Ila mpakani kuna vita. Pale kwetu jirani mmoja alikuwa anaona mahindi yake mistari miwili ya mwisho yanatoka membamba na ya njano kwa sababu ya kivuli cha upande wa pili, hakusema kitu, asubuhi moja tukakuta mgrevilea umechunwa gome kuzunguka shina lote kama mtu aliyevalishwa mkanda. Ukakauka taratibu.

Na suala la umiliki ni zito kuliko kivuli. Anayekodi shamba msimu kwa msimu hapandi mwembe, na hata akitaka mwenye shamba atamkatalia, kwa sababu kwetu aliyepanda mti kashaanza kudai ardhi. Wanawake ndo kabisa. Sehemu za Kakamega, magharibi mwa Kenya, zamani mwanamke aliambiwa akipanda mti atakuwa tasa, na ukiangalia vizuri huo mwiko ulikuwa unalinda shamba la mume, tumbo la mke halikuhusika. Vichaka kama sesbania havikuhesabiwa mti, kwa hiyo hivyo walipanda, na kuni wakapata hukohuko.