Je, wajua? Kwa nini Wamarekani Weusi walipimana ngozi kwa mfuko wa kaki

Chukua mfuko wa kaki, ule ambao mwenye duka anakutilia sukari siku hizi baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku. Ulaze mkono wako juu yake. Mkono ni mweupe kuliko karatasi, unalingana nayo, au umeizidi weusi? Wangu umeizidi, tena bila ubishi. Kwa hiyo lau ningezaliwa Washington au New Orleans miaka mia moja iliyopita, zipo karamu na klabu ambazo nisingevuka kizingiti chake, na wa kunizuia angekuwa Mweusi mwenzangu.

Wamarekani Weusi wanakiita kipimo cha mfuko wa karatasi. Kama inavyosimuliwa, mfuko ulibandikwa mlangoni. Aliyeuzidi weusi alirudi kwao. Katika baadhi ya makanisa, wanasema, kilitundikwa kitana, na nywele zikikikwamisha ujue ibada yako iko kwingine. Hati za kuthibitisha mambo haya ni chache, kwa sababu hakuna aliyeyaandika kwenye katiba ya chama. Simulizi lakini zimejaa, na si za kale tu. Profesa Henry Louis Gates Jr., aliyeingia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1969, ameeleza kwamba wanafunzi wenzake Weusi waliotoka New Orleans waliandaa karamu ya namna hiyo papo hapo chuoni, mfuko ukiwa mlangoni. Wenzao wakahakikisha mtindo huo unakoma haraka.

Sasa, ilikuwaje watu waliofukuzwa pamoja kwenye hoteli, shule na viti vya mbele vya basi wakageuka na kubaguana wenyewe? Jibu la haraka ni kwamba walijichukia. Mimi jibu hilo silipendi, maana linaruka kitu kinachoshikika zaidi, nacho ni mali. Kwa muda mrefu ngozi nyeupe kidogo ilikuwa na faida ya kuhesabika: uhuru, ufundi, kiwanja, kujua kusoma. (Nikisema “mweupe” hapa nina maana ile ya kwetu mitaani, ya Mweusi mwenye ngozi ya maji ya kunde au zaidi. Mzungu nitamwita Mzungu.)

Turudi Virginia, enzi za ukoloni wa Kiingereza. Mwanamke mmoja, Elizabeth Key, alikuwa na mama Mwafrika na baba Mwingereza aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza la koloni. Alikwenda mahakamani kudai kwamba yeye ni huru, kwa kuwa katika sheria ya Kiingereza mtoto hufuata hali ya baba. Mwaka 1656 akapata uhuru wake. Wenye mashamba waliona hatari iliyo mbele yao, na Desemba 1662 baraza likapitisha sheria mpya: mtoto atafuata hali ya mama. Kuanzia hapo bwana aliyezaa na mtumwa wake hakupata mrithi. Alipata mtumwa mwingine, bila kutoa senti.

Msomaji wa pwani atashtuka kidogo hapa, kwani Zanzibar kanuni ilikuwa kinyume chake. Mtoto wa suria, bwana akimkubali, alizaliwa huru na akarithi. Sultani Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sisemi utumwa wa Zanzibar ulikuwa na huruma, muulize aliyebebeshwa pembe kutoka bara. Nasema kwamba pale mtoto wa bwana alihesabiwa kwa baba na jina la baba likamfunika. Marekani baba alifutwa kwenye karatasi, akabaki kwenye ngozi ya mwanawe tu.

Baadhi ya akina baba hao hawakuwa mawe. Wengine waliwaacha huru watoto wao, au wakawafundisha useremala na ushonaji, au wakawarithisha kiwanja kimyakimya. Matokeo yake yanaonekana katika sensa ya mwaka 1850, ya kwanza kuwatenganisha Weusi na machotara. Miongoni mwa Weusi walio huru, zaidi ya theluthi moja waliandikwa machotara. Miongoni mwa watumwa hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo ukikutana barabarani na mtu wa maji ya kunde, uwezekano wa kuwa ni mtu huru, mwenye kazi yake na pengine nyumba yake, ulikuwa mkubwa zaidi. Rangi ikawa kama kitambulisho. Habari inayosimuliwa sana, kwamba weupe wote walikuwa ndani ya nyumba ya bwana na weusi wote shambani, imerahisishwa mno; watoto wengi wa mabwana walilima pamba kama wenzao. Suala la nani aliachwa huru ndilo lililozaa tabaka.

Tabaka hilo ulilione Charleston, Carolina Kusini. Mwaka 1790 wanaume watano huru waliokuwa wakisali katika kanisa la Mtakatifu Filipo walianzisha chama cha kusaidiana na kuzikana, kwa sababu kanisa liliwapokea kwenye ibada lakini likawanyima makaburi. Wakakiita Chama cha Udugu wa Kahawia. Kujiunga kulikuwa dola 50, fedha nzito kwa fundi wa wakati ule, na wanachama walikuwa watu huru wa rangi hiyo iliyo kwenye jina. Chama kilisomesha yatima na kutunza wajane, mambo mema kabisa. Baadhi ya wanachama wake pia walimiliki watumwa.

Weusi huru wenye ngozi nyeusi zaidi nao wakachoka kukaa nje. Mwaka 1843 Thomas Smalls akaongoza kuanzisha chama chao, ambacho masharti yake yalisema wazi kuwa ni cha watu huru weusi. Wakanunua eneo lao la kuzikia, jirani kabisa na lile la akina Kahawia. Fikiria mazishi mawili siku moja: watu wa mji mmoja, wote wamekataliwa na makaburi ya Wazungu, na hapa wanaingia kwa njia mbili tofauti.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, uhuru ukawa wa wote, na hapo ndipo weupe ukapoteza thamani yake ya zamani. Lakini aliyekuwa huru tangu babu yake alitaka ijulikane kwamba yeye si wa jana. Zikazuka jumuiya zilizobandikwa jina la “mishipa ya bluu”: ukitaka kuingia, ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako iwe nyeupe kiasi cha mishipa kuonekana. Wenyewe walikana kwamba rangi ndiyo sharti, wakasema wanaangalia elimu na tabia njema. Uongo mtupu haukuwa, na ukweli mtupu pia haukuwa. Elimu na rangi vilikuwa vimekwisha kuoana kwa vizazi, na ndoa zilipangwa ili visiachane.

Serikali yenyewe ilihangaika na jambo hili hadi ikafika kwenye kichekesho. Katika sensa ya mwaka 1890, karani aliagizwa amtofautishe mwenye robo ya damu ya Kiafrika na mwenye sehemu moja ya nane. Kwa kipimo gani? Kwa macho, amesimama mlangoni na kalamu. Baadaye wakakata tamaa, na sensa ya mwaka 1930 ikaamuru kwamba tone lolote la damu ya Kiafrika linamfanya mtu kuwa Mweusi. Wote wakatupwa chungu kimoja, na humo ndani kuchaguana kukaendelea.

Tusidhani pia kwamba mfuko wa kaki ulishikwa na Weusi peke yao. Cotton Club, ukumbi wa starehe wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, katika miaka ya 1920 na 1930 ilimilikiwa na majambazi wa Kizungu na wateja wake walikuwa Wazungu. Weusi walikuwa jukwaani na jikoni. Wasichana wa kucheza walitakiwa wawe warefu, vijana, na weupe. Lena Horne, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu, aliingia humo mwaka 1933 akiwa na miaka 16. Miaka kumi na zaidi kabla yake, mchezaji Josephine Baker alikataliwa kwenye kundi la tamthilia ya Weusi watupu, kwa madai kwamba ni mwembamba mno na mweusi mno. Akaajiriwa kuwavalisha wenzake nguo, akakariri nyimbo zote nyuma ya pazia, akasubiri mmoja augue. Paris ilimjua baadaye.

Hata wanasiasa walirushiana rangi. Marcus Garvey, Mjamaika, alitembelea ofisi ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, jijini New York mwaka 1916, na baadaye akasema alishindwa kutambua kama ni ofisi ya Wazungu au ya Weusi. Kejeli hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli: Walter White, aliyekuja kukiongoza chama hicho, alikuwa na macho ya bluu na nywele za rangi ya dhahabu, na alizitumia kujifanya Mzungu ili achunguze mauaji ya Weusi kusini. Naye W.E.B. Du Bois, msomi wa wasomi, mwaka 1923 aliandika juu ya Garvey akaanza na unene wake, weusi wake na ubaya wa sura. Nikisoma maneno hayo naona haya kwa niaba yake.

Magazeti ya Weusi wenyewe, kama Chicago Defender, yalikuwa yakipigania haki ukurasa wa kwanza na kutangaza krimu za kujichubua kurasa za ndani. Mkorogo, basi, si uvumbuzi wa Kariakoo.

Watoto waliyanyonya haya mapema. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto Weusi 253, wa miaka mitatu hadi saba, madoli yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Theluthi mbili walitaka kucheza na doli jeupe. Jaribio hilo ni maarufu kwa sababu lilitajwa katika kesi ya mwaka 1954 iliyovunja ubaguzi wa shule. Lisilotajwa sana ni kwamba Clark na mkewe waliwapa pia watoto kalamu za rangi na picha ya mtoto, wakawaambia waipake rangi yao wenyewe. Wapo waliojipaka weupe kuliko walivyo.

Miaka ya 1960 ilikuja na nywele za afro na kauli kwamba weusi ni uzuri. Mfuko ukaanza kuonekana aibu. Mwaka 1983 mwandishi Alice Walker akaupa ubaguzi huu wa ndani jina la Kiingereza linalotumika hadi leo, “colorism”, yaani ubaguzi wa vivuli vya rangi badala ya ubaguzi wa mbari. Nje ya jamii hiyo lakini kipimo hakikuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliangalia wanawake Weusi zaidi ya 12,000 waliofungwa Carolina Kaskazini: walioandikwa weupe walipewa vifungo vifupi kwa takriban asilimia 12, hata baada ya kuzingatia aina ya kosa. Hapo hapakuwa na klabu wala kanisa. Palikuwa na hakimu.

Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi kazini kwa sababu ya mbari na kwa sababu ya rangi, maneno mawili yaliyowekwa bega kwa bega, na kwa miaka mingi watu waliyasoma kama neno moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfanyakazi Mweusi wa ofisi ya kodi ya serikali kuu huko Atlanta akamshtaki bosi wake, Mweusi pia. Huenda unadhani mlalamikaji alikuwa mweusi tii. La, yeye ndiye aliyekuwa mweupe. Bosi ndiye mweusi, na madai yalikuwa kwamba bosi alimchukia kwa weupe wake. Mwaka 1989 mahakama ilikubali kwamba Mweusi anaweza kumbagua Mweusi kwa rangi, na kwamba hilo ni kosa kisheria. Mwaka uliofuata mwanamke yule akashindwa kwa ushahidi, lakini uamuzi ule wa kwanza ulibaki. Mwaka 2003, katika jimbo hilohilo la Georgia, mgahawa mmoja ulilipa dola 40,000 kumaliza kesi ya mfanyakazi aliyesema meneja wake, Mweusi mweupe, alikuwa akimdhihaki kwa weusi wake, na alipotishia kulalamika akafukuzwa.