Tozo ya mkopo wa taslimu kwenye kadi imetoka wapi?

Unafungua taarifa ya mwezi ya kadi yako ya mkopo, unakuta ada ya "mkopo wa taslimu", na hukumbuki kusogelea ATM hata mara moja. Mara nyingi hujaibiwa. Benki imeuhesabu muamala wako mmoja kuwa ni pesa uliyokopa, wakati wewe ulidhani umenunua kitu.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Ukinunua kitu, benki humlipa muuzaji, nawe kwa kawaida huna riba ya kulipa ikiwa unamaliza deni lote kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho. Pesa taslimu haina huruma hiyo. Riba huanza kuhesabiwa siku ileile, kwa kawaida kwa kiwango kilicho juu kuliko cha manunuzi, na juu yake kuna ada ya papo hapo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5 ya kiasi ulichochukua. Tuseme ni 1,000, ada ni asilimia 5 na riba ni asilimia 30 kwa mwaka. Ada ni 50, na kwa siku 20 tu riba inafika kama 16. Ada nyingi pia zina kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo anayetoa pesa kidogo ndiye anayeumia zaidi kwa asilimia.

Sasa, nani anaamua kwamba hii ni taslimu? Kila mfanyabiashara anayepokea kadi ana msimbo wa tarakimu nne unaoeleza aina ya biashara yake, na mfumo wa benki husoma msimbo huo. Nia yako haisomi. ATM ni 6011, huduma za kutuma pesa ni 4829, kamari na kubashiri ni 7995. Ununuzi wa fedha za kigeni na wa sarafu za kidijitali mara nyingi huangukia 6051. Ndiyo maana mtu anaweza kumtumia rafiki pesa kupitia programu ya simu, au kujaza salio kwenye pochi ya mtandaoni, akatozwa kana kwamba ametoa noti. Benki hazifanani katika hili: muamala uleule unaweza kupita kama manunuzi kwenye kadi moja na kama taslimu kwenye nyingine. Mtego uliojificha zaidi, kwa maoni yangu, ni akaunti ya kawaida iliyounganishwa na kadi ili kuziba pengo salio likiisha. Pengo likizibwa, kuna benki zinazolihesabu kuwa mkopo wa taslimu, na mwenye akaunti hakubonyeza chochote.

Wengi hulipa deni lote, kisha mwezi unaofuata wanakuta riba tena na kukasirika. Hiyo ni riba ya siku zilizopita kati ya kutolewa kwa taarifa na siku malipo yalipoingia. Haikuwa imeandikwa bado. Ndiyo maana kwa deni la namna hii si vizuri kungoja tarehe ya mwisho. Lipa mara tu unapoliona.

Ukipiga simu benki, usiulize tu "mbona mmenikata?" Taja tarehe na jina la muuzaji, kisha uliza msimbo uliotumika. Ikiwa muuzaji amesajiliwa vibaya, una hoja ya kudai. Ikiwa msimbo ni sahihi, omba ada iondolewe kwa hisani. Kwa mteja ambaye halijawahi kumtokea, baadhi ya benki hukubali. Uliza pia kama kikomo cha taslimu, ambacho kwa kawaida ni sehemu ndogo ya kikomo chote cha kadi, kinaweza kushushwa hadi sifuri. Kikishushwa, muamala wa namna hiyo kwa kawaida utakataliwa pale pale badala ya kupita na ada yake.