Afisa wa Ujasusi Asiye na Kinga: Maana Yake katika Tamthilia ya The Americans

Mtu anayetajiwa afisa wa usalama nchini Uganda humfikiria kwanza GISO (afisa wa usalama wa ndani) wa gombolola yake au DISO, mwenzake wa wilaya, ambao vyeo vyao havifichwi na ambao wananchi huwapelekea malalamiko waziwazi. Afisa wa tamthilia za ujasusi ni mtu wa namna nyingine, naye yuko wa aina mbili.

Wa kwanza hukaa ubalozini, akiwa ameandikishwa kama mwanadiplomasia wa kawaida. Kwa kuwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unampa mwanadiplomasia kinga ya kutokamatwa, nchi mwenyeji inayomgundua, iwe ni Washington au Kololo, mtaa wa Kampala wenye balozi nyingi, kwa kawaida huishia kumfukuza. Wa pili hana ubalozi nyuma yake: huingia kwa jina lisilo lake, huajiriwa au hufungua biashara kama raia yeyote, na akinaswa hushtakiwa kama mhalifu. Huyu ndiye afisa asiye na kinga.

Elizabeth Jennings, mhusika mkuu wa The Americans, tamthilia iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 2013 hadi 2018, ni wa aina hii ya pili. Ni afisa wa KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, aliyezaliwa Urusi kwa jina la Nadezhda, anayeishi karibu na Washington katika miaka ya 1980 na kuendesha wakala wa safari pamoja na mumewe Philip, huku jirani yao akiwa afisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, anayewinda majasusi. Elizabeth asichanganywe na watu anaowatumia afisa kama yeye. Martha, karani wa FBI anayeolewa na Philip bila kumjua ni nani, hutoa siri za ofisi yake, lakini hilo halimfanyi kuwa afisa. Ni chanzo tu, na afisa ndiye anayemwongoza.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, dhana hii haielezwi vizuri na Elizabeth na mawigi yake ya kujigeuza sura kama inavyoelezwa na Oleg Burov, mhusika mwingine wa tamthilia hiyo (na ambaye hajafika msimu wa sita aniwie radhi). Mwanzoni Oleg ni afisa wa ubalozi wa Kisovieti, na FBI, ijapokuwa inamfahamu, haiwezi kumtia pingu. Anaporudi Washington miaka kadhaa baadaye, akiwa ameshaacha kazi KGB na akijitambulisha kama mwanafunzi wa mipango ya usafiri, ni mtu yuleyule katika mji uleule, ila safari hii anakamatwa akichukua ujumbe uliofichwa, wala hakuna balozi awezaye kudai aachiliwe.

Jambo hili si la kubuni tu. Mwezi Juni 2010 Marekani iliwakamata watu kumi waliokuwa wakiitumikia Urusi kwa siri, baadhi yao wakiwa na watoto na majina ya kuazima. Kwa kuwa hawakuwa na kinga, walilazimika kusimama mahakamani New York na kukiri kosa kabla ya kubadilishwa, mwezi Julai, na wafungwa wanne waliokuwa wakishikiliwa Urusi.