Kazi yangu ni kuhesabu ng'ombe wanaoanguka

Saa kumi na mbili asubuhi Fuso inarudi kinyumenyume hadi kwenye tuta la zege la kushushia ng'ombe hapa mnadani. Utingo anachomoa magogo ya mlangoni. Ng'ombe wa kwanza anachungulia, ananusa zege, anasita. Mimi nimekalia ndoo ya rangi, daftari gotini.

"Mwalimu, hivi kila siku unaandika nini?"

"Wanaoanguka."

"Wakianguka wengi ndiyo unalipwa zaidi?"

Utingo ana haki ya kuuliza. Nimesoma ustawi wa wanyama mpaka uzamivu, chuo kikuu kinanilipa mshahara, na sehemu kubwa ya usomi wangu ni safu nne za daftari: aliyeteleza, aliyeanguka, aliyelia, aliyepigwa. Kwato ikichomoka lakini mwili ukabaki juu, hapo ameteleza. Kiwiliwili kikigusa chini, ameanguka. Temple Grandin, Mmarekani, aliusambaza utaratibu wa namna hii katika machinjio ya kwao miaka ya 1990: katika ng'ombe 100 akianguka zaidi ya mmoja, au wakilia zaidi ya watatu, kuna kitu cha kurekebisha. Nampenda mama huyu kwa sababu kipimo chake hakidai mashine wala umeme.

Baba yangu, mfugaji wa Shinyanga, hakupendezwa. Nilipomweleza nasomea ustawi wa wanyama alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Miaka yote hiyo darasani ili ujue ng'ombe anaumia? Si ungekuja kuniuliza mimi." Na kweli yeye anajua. Akiona masikio tu anakwambia yule pale hajanywa maji. Ila anachokijua baba hakipandi mezani kwa mkurugenzi. Namba hupanda.

Taaluma yenyewe si ya zamani. Mwaka 1964 Ruth Harrison aliandika kitabu kuhusu mifugo ya ndani ya mabanda huko Uingereza, watu wakashtuka, serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Rogers Brambell. Ripoti ilitoka mwaka 1965. Ilitaka mnyama aweze walau kugeuka, kujisafisha, kuinuka, kulala na kunyoosha viungo. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa ustawi wa wanyama alikipata Donald Broom pale Cambridge, mwaka 1986. Nilikuwa bado nachunga ndama.

Hadithi ninayowapa wanafunzi kila mwaka ni ya sakafu ya kuku. Kamati ya Brambell, watu wenye huruma na akili zao, iliona wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unaumiza miguu ya kuku walio kwenye vizimba, ikashauri usitumike. Mwaka 1973 watafiti wawili, Hughes na Black, wakafanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: wakawaachia kuku wachague. Kuku wakaupenda wavu uleule uliokataliwa. Huruma iliwaza kwa niaba ya kuku, ikakosea. Hapo wanafunzi hucheka, na mimi huwakatisha, maana kipimo cha kuchagua nacho kina mtego wake. Anayeona afadhali alale kwenye benchi la kituo cha polisi kuliko mtaroni hajasema kwamba benchi ni kitanda.

Vipimo vingine vinanitia aibu kidogo. Kwenye banda la ng'ombe wa maziwa huko Kilimanjaro huwa nasimama mahali anapolala mnyama, halafu napiga magoti ghafla, kwa uzito wangu wote. Suruali ikilowa au goti likilia, jibu ninalo. Ng'ombe wa maziwa hutaka kulala kama saa 10 hadi 12 kwa siku, akicheua. Sakafu ikiwa mbaya husimama, na kwato zikaanza kuoza. Mara ya kwanza mwenye banda alinikimbilia na kunishika mkono: "Pole mwanangu, umeteleza?" Nilipomweleza, alitazama ile zege tupu, akaenda kuchukua gunia la maranda alilokuwa amewawekea kuku.

Lakini nirudi mnadani, maana huko ndiko kazi yangu ilikonipiga chenga. Miezi ya mwanzo daftari langu lilionyesha fimbo chache mno. Nilifurahi, mpaka muuza chai aliponivuta pembeni: "Wakikuona wanaficha fimbo, mwanangu." Kumbe nilikuwa napima heshima yao kwangu! Tangu hapo siku za kwanza za kila eneo nazitupa, na jioni naenda machinjioni. Ngozi ikishatoka, nyama inajieleza. Palipovilia damu nyekundu mbichi, ng'ombe aliumia muda mfupi uliopita. Palipoanza kuwa njano, aliumia siku kadhaa nyuma, labda njiani, labda mnada wa kwanza. Fimbo unaweza kuificha nyuma ya mgongo. Paja huwezi.

Na kuna ile nyama nyeusi, kavu, inayonata, ambayo mteja huikataa buchani akidhani ni ya ng'ombe mzee. Mara nyingi ni ya ng'ombe aliyechoka. Misuli huwa na akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na baada ya kuchinjwa akiba hiyo hugeuka asidi, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikashuka hadi karibu 5.5. Aliyesafiri siku mbili amesimama bila maji wala malisho ameshaimaliza njiani. pH inabaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi na kuharibika upesi. Mfanyabiashara asiyejali machozi ya ng'ombe hapo husogeza kiti karibu.

Kijana anayetaka kuingia fani hii ajiandae kusaka fedha. Wafadhili huuliza zitaongezeka lita ngapi, zitaongezeka kilo ngapi. Nimejifunza kuandika maombi ambayo ukurasa wa kwanza ng'ombe ni kiwanda cha maziwa, ili ukurasa wa sita niulize kama anaumwa. Kamati moja ya maadili ilinirudisha mara mbili kwa sababu ya fomu za ridhaa za madereva; kuhusu ng'ombe haikuuliza hata neno moja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Utingo wangu nilipomtajia alidhani ni ya simba.

Huyo utingo, Jumatatu baada ya mvua, nilimkuta ameshatandaza mchanga juu ya tuta, koleo kaazima kwa mafundi wa jirani. Hakunisalimia. Alifungua mlango wa Fuso, akasogea kando, mikono kiunoni, macho kwenye kalamu yangu.