Rangi ya Tumbawe Inasema Nini?

Wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu, anayechungulia chini pale kwenye visiwa vya Chumbe au Mafia huona bustani ya zambarau, kijani na samawati. Wengi huyaita mawe. Tumbawe gumu si jiwe wala mmea: ni kundi la wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo wake na vikono vya kukamatia chakula, waliojenga nyumba moja ya chokaa. (Marijani, ile nyekundu ya shanga, ni jamaa wa mbali tu.)

Ndani ya miili yao kuna mpangaji: mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kulipa kodi kwayo. Tumbawe huweza kupata hadi asilimia 90 ya nguvu zake hapo. Rangi ya hudhurungi ni ya mwani. Zambarau na samawati zinazong'aa ni za tumbawe lenyewe, na nyingi ni mwavuli wa kumkinga mpangaji na jua kali.

Joto la maji likizidi kilele chake cha kawaida kwa nyuzi 1 tu, wiki kadhaa mfululizo, mpangaji hufukuzwa na tumbawe huwa jeupe. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilipauka, na matumbawe mengi yakafa. Hata hivyo jeupe bado li hai. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Lililokufa huota manyoya ya kijani. Tena yapo matumbawe ambayo yakipoteza mwani huwaka waridi au zambarau kali. Wageni huyapiga picha kwa furaha, kumbe ni mgonjwa anajifunika kwa mwavuli wake.

Kupona kunamhitaji samaki pono. Huyu wa usingizi mzito, akiamka, hushinda akikwangua mwani mwingine, ule wa manyoya, juu ya mwamba, na vichanga vya tumbawe hupata pa kushika. Chokaa anayomeza hutoka ikiwa mchanga mweupe wa fukwe zetu. Basi juya la macho madogo, likimzoa pono, limeliumiza tumbawe hata kama halikuligusa.

Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo huongeza kama sentimita 1 tu, kwa hiyo lenye kimo cha mita 1 lina umri wa karibu karne. Nanga moja hulivunja kwa dakika. Itupeni kwenye mchanga, na wachokoa pweza wa maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, wapite hapo hapo.