Je, wajua maneno yanavyomvuta mtu kwenye kikundi mpaka anaacha kuuliza maswali?

Jumapili moja mdogo wangu anayesoma chuo hapa Dodoma alikuja kwangu Nkuhungu, tunakula ugali na mlenda, akaanza kunipa habari za "familia" yake. Siyo sisi jamani, nyingine. Kila siku alfajiri wanaamshana kwenye simu, mmoja anaandika "mshindi!" na wote wanajibu "mshindi!", kuna mtu wanamwita baba wa maono, na wote wana fursa. Nikamuuliza swali la kawaida tu, hela inatoka wapi? Akajibu hapo hapo, tonge bado mdomoni: "Kaka, hayo ni mawazo ya mshahara."

Nikashtuka, maana sikujibiwa, nilinyamazishwa. Na mji wenyewe huu, nusu ya majirani wanaishi kwa mshahara wa serikali!

Daktari mmoja wa akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, aliwahoji watu waliopitia magereza na vyuo vya China walikokuwa wanabadilishwa mawazo, na mwaka 1961 akaeleza kitu hiki hiki, vijisentensi vifupi ambavyo kazi yake ni kukata fikra kabla hazijafika mbali. Kwetu vipo tele: "usimguse masihi wa Bwana", "hiyo ni akili ya mwilini", "bado hujafikia ngazi ya kuelewa". Swali linabaki kichwani ila unaona aibu kuwa nalo.

Wengi wanasema wanaoingia huko wamelishwa dawa au ni wajinga, mi sikubali, dogo ananizidi akili. Shida ni kwamba hawaji na maneno mageni, wanachukua yale unayoyapenda tayari wanabadilisha kilichomo ndani. DECI, ile taasisi ya upatu ya 2009, haikumwambia mtu leta hela, ilimwambia panda mbegu, usubiri kuvuna. Sasa mtu wa Bahi au Kongwa anayelima mtama na uwele, mbegu ikichelewa kuota analaumu mvua, halaumu mbegu! Serikali ilivyokuja kuizuia kuna watu walikuwa bado wanasubiri mavuno.

Jim Jones, mchungaji wa Marekani, naye wafuasi walimwita Baba, akawahamisha kutoka Marekani mpaka porini Guyana, mazoezi ya kufa pamoja yakaitwa usiku mweupe, na kujiua akakuita tendo la kimapinduzi. Tarehe 18 Novemba 1978 walikufa zaidi ya watu 900, wakiwemo watoto.

Halafu msitu wa Shakahola, hapo Kenya tu, 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mchungaji mmoja ilifukuliwa. Neno lilikuwa "kufunga". Mtu akikwambia jiue kwa njaa utamkimbia, ila kufunga? Kila mtu amefunga, Ramadhani, Kwaresma, mama akiwa na jambo zito anafunga siku tatu. Neno limelelewa nyumbani kwenu, utalishtukia saa ngapi.

Basi nikamwambia dogo, hebu nielezee upya hiyo kitu ila usitaje familia, fursa, ushindi wala maono. Akacheka. Akaanza, akasimama, akaanza tena, akanyamaza muda mrefu mpaka mlenda ukapoa.

"Yaani... natoa laki mbili," akasema, "halafu natafuta watu wengine watoe laki mbili."