Gesi ya AC haiishi, inavuja

Nimeisikia tena juzi, tuko kwenye Noah tunatoka Arusha kwenda Moshi, tumefika Boma Ng'ombe jua linachoma kama lina kisasi na sisi, dereva akashusha vioo akasema "samahanini jamani, gesi ya AC imeisha, si mnajua hii gari ina miaka mingi". Abiria wote tukaitikia eeh, pole. Na mimi nimo.

Kwa kifupi, gesi ya AC ni kile kitu kinachozungushwa na kompresa, yaani pampu ya AC, ndani ya mabomba yaliyofungwa, kinabeba joto la ndani ya gari kinaenda kulimwaga kwenye kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta. Gari nyingi za Mjapani kuanzia katikati ya miaka ya 90 zinatumia R134a, fungua boneti utakuta stika imeandikwa hivyo na gramu zake. Basi, hiyo ndo maana yake.

Sasa hilo neno "imeisha" ndo linaniudhi. Gesi ya jikoni inaisha kweli, unawasha jiko inaungua, ukipika maharage mtungi unakuwa mwepesi. Ya AC haiungui wala hailiwi na kitu, inazunguka tu, ile ile iliyotoka mbele ya rejeta ndo inarudi. Nadhani jina lenyewe ndo limetuponza. Neno gesi tumelitoa kwenye Kiingereza, lakini aliyelitunga ni Jan Baptist van Helmont, mkemia wa huko ilipo Ubelgiji ya leo, karne ya 17, akalichonga kutoka neno la Kigiriki la vurugu, khaos. Wamarekani nao wakaja wakaita petroli hivyo hivyo, sisi tukaita mtungi, tukaita na ya AC, kwa hiyo mtu akisikia gesi kichwani anaona kitu cha kuchomwa. Na cha kuchekesha, kwenye AC hiyo gesi nusu ya safari wala sio gesi, ikipoa kwenye kondensa inakuwa maji maji kabisa, inarudi kuwa gesi ikifika kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi, na ni pale inapogeuka ndo inanyonya joto unasikia ubaridi.

Mimi hili neno limenila hela. Nina Corolla 110, nilijaziwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, elfu sitini kila mara, na kila mara fundi ananiambia "bosi, ilikuwa imeisha". Ya nne nikaenda kwa chalii mmoja Arusha, huyo hakugusa hata mtungi, alichukua tochi akaanza kupapasa viungo vya bomba, akafika kimoja karibu na kompresa akaniita nione. Palikuwa na mafuta mafuta yameshika vumbi, peusi hivi, kwingine kote pakavu. Oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapotorokea na oili inaacha alama. Akafungua, ndani kuna oringi, karaba ka kijani kadogo kuliko pete, kamekauka kamepasuka. Akabadilisha, akavuta vakyumu kama nusu saa kutoa hewa na unyevu, akapima gramu akajaza. Mwaka wa pili huu.

Akaniuliza AC huwa naiwasha lini, nikamwambia Arusha hii ya Juni na Julai nani anawasha AC, akacheka, akasema ndo maana sili, yaani raba kama hiyo oringi, zinakauka, oili haizunguki. Sikuhizi naiwasha dakika kumi kila wiki hata nikiwa nimevaa sweta, mke wangu anadhani nimerogwa.

Niwe mkweli, gari kuukuu mabomba yake ya raba yanapitisha kidogo kidogo, ubaridi unaweza kupungua baada ya miaka kadhaa bila tundu la kuonekana, hiyo sawa. Lakini ikikata ndani ya miezi miwili mitatu, kuna mahali inatoka.

Kwa hiyo kaka yangu wa Noah, siku ile sikukwambia maana ulikuwa unaendesha na jasho linakutoka, ila ukifika gereji usiseme "nijazie gesi, imeisha". Sema "inavuja, nitafutie inapotokea", halafu ndo ajaze.